Mabakuli Mawili ya Maji

Mlinzi wa boma la kale la watemi hamsalimii mtu kabla hajayatazama mabakuli yake. Anayo mawili, ya bati, yaliyobanduka rangi: moja hukaa nje ya ukuta, jingine ndani, kwenye uwanja ambako watemi waliamulia mashauri. Kila asubuhi huyajaza maji mpaka ukingoni, kisha huchuchumaa, vidole vilivyopasuka kwa udongo vikiwa magotini, pumzi ameibana, kama anayemchungulia mtoto mgonjwa. Maji yakitetemeka, chini kuna nyundo. Alikwisha kumpigia simu Nyamizi, afisa wa mambo ya kale, kwamba wachimba dhahabu wanaufuata mwamba chini kwa chini kuelekea ukutani, na bakuli la nje halitulii. Nyamizi akaona ni woga wa uzee.

Leo amefika kutoka Shinyanga na habari njema: ukuta utakandikwa upya, wageni watakuja.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mayu, mama yangu. Kanyaga polepole.”

Nyamizi akaliinamia bakuli la nje. Maji tuli, hata unyoya ungelala. Akacheka.

“Si unaona? Wameondoka.”

Mzee hakucheka. Alimshika mkono, jambo ambalo hajapata kulifanya, akampitisha langoni hadi kwenye bakuli la ndani. Maji yalikuwa yakicheza, yakimwagika kidogo kidogo.

“Wameingia,” alinong’ona.

Nyamizi akabaki na mguu mmoja juu, asijue autue wapi.