Mshono wa Ndani

Kiwandani baba mkwe wangu walimwita Milimita. Mimi ndiye mtunza stoo wa kiwanda hichohicho cha karatasi, nami waliniita Mkono wa Birika, kwa sababu mtu akija kuomba glavu mpya, lazima kwanza anionyeshe zile kuukuu zilivyotoboka. Tulikuwa familia ya watu wagumu na hatukuona haya.

Jina lake alilipata kwenye flanji. Flanji ni ile sahani nene ya chuma inayowekwa kwenye ncha ya bomba ili mabomba mawili yaunganishwe kwa bolti. Zetu zilikuwa za kuvisha: unaitelezesha juu ya bomba kama pete kwenye kidole, unaliacha bomba lirudi nyuma milimita chache kutoka usoni mwa flanji, halafu unachomelea. Mafundi wengine walikadiria kwa jicho. Yeye alipima, akapima tena, na ukimharakisha alikutazama mpaka ukajikuta umekwenda kutafuta kazi nyingine.

Mvuke wa boila letu una presha kubwa, kwa hiyo flanji hizo ziliruhusiwa kwa sharti moja: zichomelewe mishono miwili, mmoja nje, nyuma ya flanji, na mmoja ndani, pale bomba linapoishia. Wa nje kila mtu anauona. Wa ndani, ukishakaza bolti, hauonekani tena. Hata ukiusahau, maji ya majaribio hayatavuja, maana mshono wa nje utayazuia. Bomba litakuja kupasuka baadaye, baada ya miezi ya kupata joto na kupoa, wakati mtu anapita pale na shughuli zake.

Mwaka juzi walibadilisha bomba lote kutoka boila hadi mashine ya kukaushia. Kazi ya wiki nzima, na kila flanji ilipita mikononi mwa baba mkwe. Majaribio ya maji yalikwenda vizuri, hata tone halikudondoka. Msimamizi wetu, bwana aliyejali sana weupe wa shati lake, alikuwa ametia saini fomu ya ukaguzi wa mishono akiwa amesimama mlangoni. Hata tochi hakushika.

Asubuhi ya kufungua mvuke, baba mkwe akaja dirishani kwangu kuomba gasketi, ile pete inayobanwa kati ya flanji mbili, ambayo ukishaifungua haifai tena. Nikamwuliza ya nini, na kazi imekwisha. Akageuka kwanza kuona kama kuna mtu nyuma yake.

"Flanji ya pale kwenye ngazi, mwanangu. Sikumbuki kama niliichomelea ndani."

Nilidhani ananitania, lakini yeye hakuwa mtu wa utani wa kazi. Kufungua kiungo kilichokwisha kukaguliwa maana yake ni kuchelewesha kiwanda kizima, na kukiri mbele ya watu kwamba Milimita hajui alichofanya Jumanne. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Angeweza kunyamaza akaondoka na heshima zake. Kusema kweli, mimi ningenyamaza, na hadi leo najionea aibu. Nikampa gasketi bila kumjazisha fomu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu.

Msimamizi aliposikia akawa mbogo. Alisema saini ipo, maji yamepita, watu wa mashine wanasubiri, na mzee anamtafutia balaa. Baba mkwe hakubishana. Alikaa chini ya kile kiungo, miguu ameinyoosha, akasema mvuke ukifunguliwa utamkuta hapohapo. Basi ikabidi fundi bomba aitwe.

Bolti kumi na mbili zikatoka moja moja. Nilikuwa nimefunga stoo nikaja kutazama. Bomba lilipovutwa pembeni, fundi bomba akamulika ndani, akaanza kucheka.

Mshono ulikuwepo. Umezunguka duara zima, laini, hauna kitundu. Watu wakapumua, utani ukaanza, mmoja akamwambia mzee kwamba safari nyingine ajichanje alama mkononi. Hata msimamizi alicheka, kwa sababu sasa saini yake ilikuwa imeokoka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilimpiga begani nikamwambia, "Baba, umetutoa jasho bure."

Yeye hakucheka. Aliingiza kidole akaufuata ule mshono taratibu mpaka alipoanzia.

"Huu ni mkono wangu," akasema. "Nilikuwa naomba nikute hakuna kitu."

Wenzetu walidhani ni maneno ya uchovu. Mimi kicheko kilinikatika. Mshono ungekosekana, angekuwa fundi aliyepitiwa, kama mafundi wote. Sasa alikuwa amefanya kazi nzuri, na siku ile nzima haimo kichwani mwake.

Gasketi mpya ikawekwa, mvuke ukafunguliwa kabla ya saa sita. Baba mkwe akaniomba jambo moja: kuanzia hapo, kila atakapochomelea flanji ndani, aniite nije na tochi nione kabla haijafungwa, ili niwe shahidi wake. Nilikubali, na sikumtania.

Wiki iliyofuata kulikuwa na flanji moja ya bomba la akiba. Aliniita saa nne, nikainama, nikamulika, nikamwambia ni nzuri, Baba. Akashukuru, nikarudi stoo. Haikupita nusu saa akaja tena dirishani, amevaa glavu zake, uso mkunjufu, akaniambia ameshamaliza ya ndani, nije na tochi.

Nikaenda. Nikainama, nikaizungusha tochi duara zima bila haraka, kama sijawahi kuiona.

"Ni nzuri, Baba," nikamwambia.

Kisha nikatoka nje ya karakana nikampigia mume wangu simu, nikamwambia aje amchukue babake.