Ua wa Mama Deo

Harufu ya utomvu wa mnyaa, ule mti wa kupandia ua, ni kali, inakaba koo, na nikiisikia hadi leo moyo huniuma. Mwaka ule wakimbizi walipokuwa wakiingia Kagunga, kijiji cha mpakani, kwa wingi kutoka Burundi, baba alimpokea nyumbani kwetu Simbo mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Tulimwita Mama Deo. Yeye na mumewe walipoteana njiani, na hakuna aliyejua kama mume yu hai. Baba alimpa kibanda nyuma ya jiko letu, akae humo mpaka kwao kutulie. Nilikuwa binti wa miaka minane, nikamganda kama kupe. Vyombo vikalala bila kuoshwa, mama akagomba mpaka akachoka.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, Mama Deo alikata matawi ya mnyaa shambani kwa baba. Hakuyapanda siku hiyo. Aliyalaza kivulini siku tatu nzima ili maziwa yake yakauke, maana tawi bichi likichomekwa ardhini huoza. Akanionya nisijiguse usoni, kwani tone moja la maziwa yale laweza kumpofusha mtu. Alinieleza kwamba kwao mnyaa huzuia mbuzi, hufukuza fuko, na ukipondwa na kutiwa mtoni samaki hulewa wakaelea. Tukachomeka matawi kuzunguka kibanda, yeye akichimba, mimi nikishindilia udongo kwa kisigino. Tulipomaliza alisimama katikati, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje. "Mwana wanje, sasa nina urugo," akasema. "Leo nitalala." Mwana wanje ni mwanangu, na urugo ni ua, kwa Kirundi chake na kwa Kiha chetu pia.

Nilijivunia kazi ile, nikaitangaza kisimani kwa kila aliyekuja na ndoo. Mama Deo alitaka kujisitiri tu. Lakini pale kwetu mnyaa ukishapandwa ni mpaka, na aliyeupanda huhesabiwa mwenye ardhi. Mimi kwa utoto wangu sikulijua hilo. Kesho yake baba mdogo alifika na balozi wa nyumba kumi, uso umemkunjamana.

"Kaka, huyu umemkaribisha au umemgawia shamba la marehemu mzee wetu?"

Mama Deo alipiga magoti. "Shikamoo, mzee. Nitaung'oa mwenyewe. Mnisamehe."

Nilimtazama baba nikingoja aseme neno moja tu la kumtetea. Alitazama chini. Mama Deo akang'oa tawi moja baada ya jingine, Deo akilia mgongoni, na juma lile lile wakapelekwa kambini. Hakunilaumu. Alinishika kichwa tu, akaenda. Mimi ndiye niliyeropoka, na sijawahi kujisamehe.

Siku hizi naishi mjini, Rusimbi. Nyumba yangu nimeizungushia ukuta wa tofali na geti la chuma, na sikumwomba mtu ruhusa. Siku mafundi walipomaliza, majirani walikuja kunipa hongera. Niliwashukuru, nikafunga geti, nikakaa chini nikalia.