Miaka mitatu ya kumuuguza baba: nilivyoiandika kwenye CV badala ya kuificha

Habari za muda huu wakuu.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mchangiaji, ila nimeona nyuzi nyingi za vijana wanaolalamika kutuma maombi ya kazi bila kujibiwa, nikaona na mimi niseme yangu. Nimebadilisha majina tu. Mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mimi ni binti wa Mkuyuni, hii njia ya kwenda Matombo. Nina degree ya kilimo. Nilipomaliza chuo nilipata kazi ya mkataba kwenye mradi mmoja pale Morogoro mjini, nikapanga chumba, nikaanza kujiona mtu.

Kisha baba akapata kiharusi.

Mama alishatangulia mbele ya haki. Kaka yangu yuko mbali na ana familia yake. Mkataba ulipoisha sikuomba kuongezewa, nikarudi nyumbani nikijua ni miezi michache.

Ikawa miaka mitatu.

Habari za ugonjwa sitawachosha nazo. Aliyewahi kumlisha mzazi wake uji kwa kijiko ananielewa, na ambaye hajawahi, Mungu amwepushie.

Baba alipoweza kutembea na fimbo, yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia nianze kutafuta kazi. Nikaifungua CV yangu ya zamani, nikaongeza umri, nikaanza kutuma. Juu kabisa ilikuwa imeandikwa kwamba mimi ni "dynamic, self-motivated team player". Maneno hayo niliyachukua kwa mwenzangu wa chuo, naye sijui aliyatoa kwa nani. Nadhani nusu ya nchi tunayo hayo hayo.

Natuma, kimya. Natuma, kimya.

Nikashuka mjini kwa rafiki yangu Neema, yeye ana kazi ya ofisini. Akaisoma mara moja tu.

"Tatizo lako ni hili pengo," akasema. "Mtu wa HR akiona miaka mitatu haina kitu, anajua ulifukuzwa mahali."

"Nilikuwa namuuguza mzee, si unajua?"

"Mimi najua. Wao hawajui, na hawana muda wa kujua. Weka kampuni ya anko wangu. Wakimpigia atasema ulikuwa msimamizi wa ofisi yake."

Wakuu, msimlaumu Neema. Alikuwa ananitakia mema, na nina hakika wengi wamepata kazi kwa njia hiyo. Tukaandika pale pale, ikapendeza kweli.

Nilirudi nyumbani alasiri. Baba alikuwa barazani, ametoka kuswali. Nikamwamkia, akaniuliza nimefikia wapi, nikamwambia CV imekamilika.

"Nisomee."

Maneno yake mpaka leo yanatoka polepole. Nikakaa chini, nikawa namsomea huku namtafsiria. Shule, chuo, mradi. Nilipofika kwenye kampuni ya anko wa Neema akanyanyua mkono ule mzima.

"Hapo ulikuwa lini?"

Nikamtajia miaka.

"Miaka hiyo si ulikuwa na mimi?"

"Ndiyo baba. Ila kwenye CV habari za kukaa nyumbani haziandikwi."

"Kumbe mimi ni wa kufichwa."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningepata cha kujitetea. Alisema kama mtu aliyekuwa na shaka na jambo siku nyingi, sasa amelithibitisha.

Baadaye akauliza tena: "Na wale waliokuwa wanaleta pilipili manga hapa uwanjani, walikuwa wanamletea huyo bwana wa mjini?"

Hapa niwaeleze kidogo. Kwetu tunalima viungo: karafuu, mdalasini, pilipili manga. Wengi walikuwa wanaanika pilipili chini, inaingia mchanga na kuvu, mnunuzi akija anaipondaponda bei. Kwa kuwa nilikuwa siwezi kwenda mbali na baba, nilijenga vichanja vya kuanikia pale pale uani. Majirani wakaona, wakaanza kuleta za kwao. Nikawafundisha kuchuma iliyokomaa na kuitenga kwa ubora, mwisho tukawa tunauza kwa pamoja na wanunuzi wanatufuata wenyewe.

Nilikuwa naona ni mambo ya kupitisha muda.

Nikaifuta kampuni ya anko. Badala yake nikaandika kwamba miaka hiyo nilikuwa namuuguza mzazi, na wakati huo huo nikisimamia ukaushaji na uuzaji wa viungo vya wakulima wa jirani. Nikaeleza tulianzia wapi na tulifika wapi. "Dynamic" nikaitupa, nikaandika kwa sentensi mbili ninachoweza kufanya. Picha, dini na hobi nikatoa. Wadhamini niliwapigia kwanza niwaombe, maana wa zamani mmoja alishabadilisha namba na mimi nilikuwa bado namtaja kila mahali. Na kila tangazo la kazi nikawa nalisoma upya kabla ya kutuma, napanga kilichotakiwa kije juu.

Kuna sehemu waliendelea kunyamaza, nisiwadanganye.

Ila kampuni moja ya viungo iliniita interview. Mwenyekiti wa jopo alikuwa mama mtu mzima. Akaweka kidole kwenye ule mstari.

"Mzee akiugua tena utatuacha?"

"Akiugua nitamuuguza, mama," nikamjibu. "Nitaomba ruhusa mapema, na atakayeshika kazi yangu nitakuwa nimeshamwelekeza. Siku nilizokuwa hospitali na baba, majirani waliendelea kuanika bila mimi."

Hakutabasamu wala nini. Akaandika, akaendelea na swali lingine. Nikatoka nikijua nimejimaliza.

Na ile nafasi kweli sikuipata. Baada ya wiki kadhaa yule mama akanipigia mwenyewe. Akasema ile walimpa mwenye uzoefu zaidi, lakini wanafungua kituo cha kukusanyia viungo huku milimani na wanataka mtu anayeweza kukaa na wakulima. Kabla ya kukata simu akauliza, "Baba anaendeleaje?"

Nikakubali. Nilipomwambia baba, aliuliza kitu kimoja tu: kama nitakuwa narudi kulala nyumbani.

Nikamwambia ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, akaomba maji ya kutawadha.

Nilichojifunza ni kwamba muda unaouona umepotea, ukaushe kwanza uuangalie vizuri, huenda ndiyo kazi yenyewe uliyoifanya. Na ukiweka uongo kwenye CV, kuna mtu wa kweli unayemfuta ili uongo upate nafasi.

Sasa nina swali kwa mnaokaa upande wa pili wa meza, mnaosoma hizi CV. Mkikuta mstari kama wangu, huwa mnamwona mtu, au mnaona pengo? Nijibuni bila kunionea haya, kuna wenzangu wengi humu wanataka kujua.