Diski ya Kizazi cha Kwanza

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili yote niliyolipia karo, kwamba programu ya kompyuta ikinakiliwa sana inachoka. Inapungua nguvu, kama mahindi ya haibridi. Mkulima yeyote wa Kitui au Makueni anajua habari hiyo: msimu wa kwanza, mbegu ya dukani inakupa muhindi mnene kama mkono wa bondia. Ukitoa mbegu kwenye mavuno hayo ukapanda tena, unavuna vidole gumba. Msimu wa tatu hata kuku wanakuangalia kwa huruma. Sasa kama mahindi, kitu alichoumba Mungu mwenyewe, yanachoka hivyo, programu iliyoumbwa na kijana mwenye miwani huko ng'ambo itakuwa na kiburi gani?

Uvumi huo niliupata kwa mwalimu wetu wa kompyuta, katika darasa la jioni pale Kitui mjini, miaka ya tisini. Darasa lilikuwa kwenye jumba la kanisa lenye paa la mabati, na joto lake lingeweza kuchemsha muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, bila kuni. Mwalimu alikuwa amejifunza kuandika programu kutoka kwa kitabu cha fotokopi kisichokuwa na jalada wala sura ya tatu. Yaliyokuwa kwenye sura ya tatu hayajui mpaka leo, na sisi tuliyakosa pamoja naye kwa uaminifu mkubwa.

Mimi mchana nilikuwa nikiendesha kinu cha posho nyuma ya soko. Jioni nilifunga kinu na kukimbilia darasani jinsi nilivyokuwa, nyusi nyeupe kama za babu wa Agano la Kale. Mwalimu alinipa cheo cha mnakili mkuu wa diski kwa sababu mkono wangu hautetemeki. Mtu wa posho akitetemeka anarudi nyumbani na vidole pungufu.

Na ushahidi wa uvumi ule tuliuona kwa macho. Nilinakili diski kwa watu wa Tseikuru. Ilifika huko ikakataa kufunguka, na wao wakatutumia salamu ambazo siwezi kuziandika kwenye kitabu kitakachosomwa na watoto. Nyingine nikanakili kwa ajili ya watu wa mji mdogo wa Kwa Vonza. Ikafunguka nusu, ikakohoa kama mbuzi aliyemeza kamba, ikazima. Mwalimu akatikisa kichwa na kutoa hukumu: hizo ni nakala za nakala, damu imeshakuwa maji. Tangu siku hiyo tukawa na sheria. Diski ya kwanza iliitwa kizazi cha kwanza, ililala ndani ya kopo la kakao, na kopo liliwekwa na mama mweka hazina wa darasa letu, mfanyabiashara wa ndengu kutoka Kwa Vonza na shemasi wa kanisa lake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Katika mikutano yetu alisuka kiondo tu na kutuangalia tukibishana.

Programu yenyewe ilikuwa ya kuandikia na kuchapisha barua, na ilikuja na mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliyepita Kitui wakati wa likizo. Ajabu yake ni kwamba ilikuwa ya bure, na si bure ya kuokota. Ndani yake mliandikwa ruhusa: itumie, inakili utakavyo, ifungue uone matumbo yake, ukiweza itengeneze, kisha umpe mwingine kwa masharti yaleyale. Mwalimu alitusomea maneno hayo kwa sauti ya Injili. Lakini pale kwenye "inakili utakavyo" tuliona ni heshima tu, kama mtu anayekuita "karibu chai" huku akiomba kimoyomoyo uwe umeshakunywa.

Tulikuwa tunazijua programu za aina ile nyingine. Unanunua kwa bei ya ng'ombe wa maziwa, halafu ng'ombe mwenyewe hafunguki tumbo, haruhusiwi kuzaa, na ukimpeleka kwa jirani wewe ni mwizi. Barua uliyoandika kwa programu ya kampuni hii haisomeki kwa programu ya kampuni ile, kana kwamba herufi zina dini. Hii ya mwanafunzi ilihifadhi maandishi kwa njia ya wazi ambayo kompyuta yoyote iliweza kusoma, hata kompyuta yetu kongwe ya pale jumbani, mzee aliyekuwa akihitaji kofi ubavuni ndipo aamke. Nilihubiri habari zake sokoni kuliko mhubiri wa Ijumaa. Wateja walikuja kusaga mahindi wakaondoka na unga na wokovu wa programu huria.

Mmoja wa waongofu wangu alikuwa shemeji yangu, mke wa kaka yangu, aliyekuwa na ofisi ya kuchapa pale sokoni Mbumbuni. Kaka yangu alikuwa Mombasa akituma matumaini. Mama huyo aliuza taipureta yake na cherehani, akanunua kompyuta kuukuu na printa iliyolia kama panzi elfu, kwa sababu mimi nilimwambia hiyo ndiyo njia. Wakuu wa shule za msingi za huko wakampa kazi ya kuchapa mitihani ya majaribio ya darasa la nane. Kazi hiyo ilikuwa ndiyo karo ya watoto wake.

Basi karatasi za kwanza za hesabu zikatoka. Programu ile ilikuwa imezaliwa Marekani, na huko karatasi yao ni pana kidogo kuliko yetu. Ikachapa kwa kujiamini mpaka pembeni ambako karatasi yetu ilikuwa imeshaisha. Majibu yalikuwa yamepangwa kwa mstari, A, B, C, na D ikawa huko mwisho kabisa. Arobaini na tano ikatoka nne, tano yake imebaki nje ya karatasi. Kitongoji kizima kikafanya mtihani ambao D zake zote hazina mkia. Ukisogeza maandishi upande mmoja, A nayo inakatwa kichwa. Mkuu mmoja wa shule akamwambia shemeji kwa upole wa mtu aliyeshaamua: mtihani ujao ukitoka hivi, kazi inahamia Machakos.

Shemeji alikuja Kitui na karatasi hizo akaziweka mbele yangu juu ya magunia.

"Shemeji," akasema, "uliniambia programu hii ina matumbo yanayofunguka. Yafungue."

Tukayafungua. Ukambani tuna mwethya: leo kundi zima linalima matuta kwangu, kesho kwako, na hakuna anayeuliza shamba ni la nani. Tukafanya mwethya wa karatasi. Kila Jumamosi tulikaa mbele ya yule mzee wa kofi, mwalimu akisoma matumbo ya programu mstari kwa mstari, mimi nikimpepea kwa daftari, wengine wakipima karatasi kwa rula ya shule. Tulitafuta upana wa Amerika kama mtu anayetafuta sindano kwenye zizi. Mara mbili tuliiharibu kabisa hata ikawa inachapa kuelekea kushoto tu, kama mtu aliyekasirika. Mwishowe mwalimu akaipata namba yenyewe, akaibadilisha, akaipika programu upya. Tulichapa A, B, C, D. Arobaini na tano ikatoka ikiwa na mkia wake. Mwalimu alikaa chini na kuvua viatu. Nakuapia, kama tungekuwa na ng'ombe siku hiyo angechinjwa.

Ndipo shida ikaanza. Diski mpya iliyokuwa na programu iliyotengenezwa ilikuwa moja, kizazi cha kwanza, mbichi. Mwalimu akasema kwa desturi yetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu: mwanafunzi alitupa programu, lazima tumrudishie ikiwa na kitu ndani, na hatuwezi kumpelekea nakala iliyochoka kama tunamdharau. Mimi nikasema desturi ni nzuri, lakini shemeji yangu ana mtihani wa kuchapa, na akipewa kizazi cha pili D zinaweza kuanza kupotea tena moja moja. Tukaitisha mkutano. Mkutano ukafunguliwa kwa sala, ukafungwa kwa sala, na katikati hapakuamuliwa kitu. Tukaitisha mwingine. Mtu mmoja akapendekeza diski ikatwe katikati. Mama mweka hazina aliendelea kusuka kiondo chake na kopo la kakao likiwa miguuni.

Majuma yakapita, mtihani ukakaribia. Mwishowe tukaafikiana: nitaipeleka kizazi cha kwanza Mbumbuni kwa mkono wangu, shemeji achape, niirudishe, kisha iende Nairobi kwa mwanafunzi. Safari yenyewe sitaisimulia. Itoshe kusema nilifunga kinu mchana nikaondoka bila kubadilisha shati, na diski niliikumbatia kifuani kama yai la mbuni. Kila mtu aliyenikaribia nilimwangalia kama mwizi wa mifugo.

Nilipokaribia ofisi ya shemeji nikasikia panzi elfu wakilia. Nikaingia. Printa ilikuwa inatema karatasi, na mezani palikuwa na rundo lililofika kidevuni kwa mtoto. Nikachukua moja. A, B, C, D. Mikia yote.

Nikamuuliza amepata wapi programu iliyotengenezwa. Akasema mama mweka hazina wetu alikuja Mbumbuni siku ya soko kununua ndengu, akamwachia.

"Lakini diski ninayo mimi hapa."

"Aliniletea nakala. Yeye aliitoa kwenye nakala aliyompa dada yake wa kanisani, kwa sababu ya kwanza hamkutaka itoke kwenye kopo na nyinyi mlikuwa bado mnaomba. Hata mwanafunzi wenu wa Nairobi, mama huyo ameshampostia yake. Mimi nimeshawapa watu wa mji wa Wote, nao wamewapa wengine."

Nikahesabu vizazi kwa vidole na vidole vikawa havitoshi. Nikashika karatasi ya juu na karatasi ya chini ya rundo, nikazipeleka mlangoni kwenye mwanga, nikatafuta mahali damu ilipokuwa maji. Nikamweleza habari ya haibridi, Tseikuru, mbuzi aliyemeza kamba, yote. Nikamsihi asimame kabla D hazijaanza kupungua, atumie hii niliyoleta, nguvu kamili.

Akanyoosha mkono kuipokea. Akaigeuza, akasogeza kile kibati chake cha pembeni kwa ukucha, akapuliza. Wingu dogo jeupe likatoka, likatua juu ya sketi yake. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka nyusi.

"Shemeji, nakala haichoki. Ni ileile, hata ukinakili mpaka Yesu arudi. Hizo zenu zilikuwa zinakufa kwa unga. Nenda ukanawe mikono."