Mrija Mpya wa Ikiring

Usiku ule sikulala. Jirani yangu Ariokot alikuwa amekwenda Tororo kusikiliza hukumu, na lori la pamba la kumrudisha halikuonekana barabarani. Watoto wake walilala kwangu pamoja na wangu, miguu huku, vichwa kule. Kila mbwa wa Busitema alipobweka nilifungua dirisha, hata binti yangu Goretti akasema nikiendelea hivyo mbwa watadhani mwizi ni mimi.

Nyumba ya Ariokot, ng'ambo ya mihogo yetu, ilikuwa na kufuli. Aliyeifunga ni shemeji yake Ikiring, siku aliposikia kwamba mjane amemshtaki; tangu hapo mama na watoto walikuwa kwangu.

Marehemu Omoding, mumewe Ariokot, alikuwa mtu mwema, ila alipokuwa akifa aliwaambia wazee wa ukoo kwamba mali yote ichukuliwe na mdogo wake, naye amtunze mjane. Ikiring aliisikia vizuri sehemu ya kwanza. Ile ya pili aliielewa kwa namna yake: baada ya matanga alikuja na mrija mrefu wa kunywea pombe chunguni, akautundika ukutani kwa Ariokot. Kwetu Wateso wa upande huu, mrija wa mwanamume ukining'inia ndani, watu hujua nyumba imepata mwenyewe.

Ariokot hakugombana. Aliuacha pale pale, ila akaacha kupika pombe.

"Mama Goretti," aliniambia, "mrija bila chungu ni kijiti tu."

Ikiring akauza baadhi ya ng'ombe, waliobaki akawahamishia kwake, na shamba la wimbi akampa mkewe alilime. Watoto walipoanza kunywa uji usio na maziwa, Ariokot alikwenda kwa hakimu. Hakuomba vyote. Aliomba vya kumtosha kuishi: nyumba, shamba, na maziwa ya watoto.

Siku ya shauri nilikuwepo, nimevaa gauni la kanisani, nimekaa wima kama mshtakiwa. Ikiring alieleza kwamba mjane hana la kudai, kwa kuwa yeye anamtunza kama mume, na jioni zote alikuwa akinywa pombe nyumbani kwa mjane huyo. Akauinua ule mrija kama askofu na fimbo yake.

Hakimu hakuzijua mila zetu. Akampa mrija Mzee Edeku, aliyekaa kando yake kumshauri. Edeku akaitazama ncha yenye kichujio, akanusa, akanusa tena. Mrija unaotumika huwa mweusi nchani, na harufu haitoki hata ukiuosha. Huu ulikuwa mweupe kama jino la mtoto.

"Ikiring," akauliza, "ule wako mweusi, tunaokuona nao kila matanga, uko wapi?"

"Ule siwezi kuuacha kwa watu," Ikiring akajibu upesi.

Watu wakacheka, hata askari wa mlangoni. Alikuwa ameupenda mrija wake kuliko urithi, akatundika mpya ambao haujawahi kuonja pombe. Mzee Edeku akamweleza hakimu taratibu kwamba mwanamume huyo hajanyweshwa katika nyumba ile hata mara moja, na asiyenyweshwa hawezi kusema ndiye mume. Hakimu akasema atafikiri, warudi siku nyingine kusikia hukumu. Siku hiyo ya hukumu mimi nilibaki na watoto.

Kulipopambazuka nikawaona wawili wakitoka upande wa msitu, Ariokot mbele, Ikiring nyuma akichechemea. Lori lilikuwa limekwama njiani, na hakuna aliyetaka kupita peke yake msituni kwenye fisi. Basi mshtaki na mshtakiwa walitembea pamoja.

Nikauliza imekuwaje. Ariokot aliomba maji kwanza. Akanywa mpaka mwisho, mimi nikifa taratibu.

"Nyumba, shamba la wimbi, na ng'ombe wawili," akasema. "Vilivyobaki ni vyake."

Tukaandamana hadi mlangoni. Ikiring akapapasa mifuko yote, akakumbuka ufunguo uko shingoni mwake, akafungua kufuli. Mlango ukalia. Akasimama kizingitini kama anayengoja kukaribishwa.

"Shemeji," Ariokot akamwambia, "asante kwa kunisindikiza msituni. Nikipika pombe nitakuita. Njoo na ule mweusi, ukae uani na wageni wenzako."

Ikiring akajikuna kichwa, akacheka kidogo, akasogea pembeni. Watoto wakampita mbio, wakaingia.