Gitaa ya Baba imerudi na nyuzi sita

Fundi ameniharibia gitaa ya baba kwa kuitengeneza vizuri mno.

Hapa Koboko mji mzima unaijua hiyo gitaa. Kidole cha baba kilikatika jeshini, akatoa uzi mmoja, akapiga na tano mpaka kufa.

Mimi niliipeleka kwa fundi mjini Arua, shingo yake irekebishwe tu. Leo naichukua, iko na nyuzi sita! Na pale mkono wa baba ulipokula rangi, fundi amepaka vanishi.

"Dada, sasa iko kama mpya!" anacheka.

Nikasema asante.

Nimefika nyumbani, nikapiga ule wimbo wake. Mama jirani, aliyekuwa anakuja kila akisikia baba anapiga, akaita kutoka jikoni kwake:

"Mgeni wako anayepiga gitaa ni nani huyo?"

Jamani, niko peke yangu humu.