Jamii ya Kunde

Mimi nafundisha baiolojia Garissa. Mdogo wangu aliishia darasa la tatu, akabaki na mifugo ya Aabo, baba yetu, nje kidogo ya Habaswein. Nasema mapema msije mkaniuliza: ndiyo, namwonea gere, tena si kidogo.

Macho ya Aabo yamefifia. Akisikia mnyama anakohoa, humwita mdogo wangu. Mimi nikija likizo hupewa chai na heshima, kama mgeni. Nilitaka anisifu mara moja tu, kwa jambo la mifugo, na yule binti, mdogo wangu, awepo asikie.

Basi likizo ya Agosti nikamweleza Aabo jinsi wanasayansi wanavyopanga viumbe: wanyama, mimea, kuvu, na vile vidogo visivyoonekana kwa macho, kisha kila kundi hugawanywa na kugawanywa tena mpaka ufike kwenye jamii ya viumbe waliokaribiana kabisa. Akauliza ngamia wamempanga na nani. Nikamwambia yumo kwenye mamalia, pamoja na ng'ombe, fisi na sisi.

"Fisi na sisi!" Aabo akacheka mpaka machozi.

"Kwetu kuna wanaokula juu na wanaokula chini," mdogo wangu akasema huku akikamua. "Ngamia na mbuzi juu, ng'ombe na kondoo chini. Ukame ukija, unajua wa kuhamisha kwanza."

"Umesikia?" Aabo akaniuliza. Miaka minne ya chuo kikuu, halafu niambiwe umesikia!

Kesho yake mdogo wangu alitoka na mbuzi wakubwa. Vitoto hubaki zizini, vikakatiwa majani. Nikajitolea kuvikatia. Kwenye kijito kilichokauka nikaona kichaka cha maua ya manjano na maganda manene. Jamii ya kunde, bila shaka! Kunde twala wenyewe, na hiki ni cha ukoo wake. Nikabeba mzigo mzima. Sikuuliza mtu. Ningemwuliza nani, yeye?

Alasiri kitoto kimoja kikaanza kutoka povu mdomoni, na kabla ya Magharibi kikafa. Mdogo wangu aliporudi aliokota tawi lililosalia, akanitazama. Aabo akaja na fimbo yake, akauliza nani kaleta majani.

"Mimi, Aabo," mdogo wangu akajibu. "Niliyakata alfajiri kabla sijatoka. Nilikuwa na haraka, sikutazama."

Nikauacha uongo wake usimame. Walahi, sikumshukuru hata moyoni. Nilimchukia, maana hata kwa wema alikuwa amenishinda.

Aabo akalipokea lile tawi, akapapasa maganda, akanusa. "Hapana," akamwambia kwa upole. "Wewe huwezi kukosea hili."

Hakuuliza tena. Pale nyumbani tulikuwa watatu tu.